Kabla Hujapaka Jeli, Uliza Bei ya Kuitoa

Ubao wa bei kwenye saluni nyingi za Dar es Salaam huorodhesha kila kitu cha kuweka: jeli ya mikono, jeli ya miguu, tipsi, akriliki, kuchora maua, kubandika vijiwe. Kutoa mara nyingi hakumo. Ukiuliza utajibiwa kwamba itategemea, au kwamba ukipaka tena hapo hapo utatolewa bure. Basi mteja anahesabu bei ya kuweka peke yake, anailinganisha na ya saluni ya jirani, anachagua ya chini. Wiki tatu baadaye anarudi, na kazi ambayo haikupangiwa bei inafanywa kama kazi isiyo na thamani: haraka haraka, na yeyote aliye na nafasi, kwa kifaa chochote kilicho karibu.

Naona hesabu hiyo imepinduliwa. Jeli iliyopakwa vizuri, isiyogusa ngozi, hukaa juu ya ukucha bila kuudhuru sana. Kucha zilizolegea, zenye ncha zinazochanika tabaka tabaka, zinazouma ukitia mkono kwenye maji ya moto, nyingi ziliharibiwa siku ya kutoa. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha saluni mbili aanze na swali la mwisho: hii mtaitoaje, kwa dakika ngapi, kwa shilingi ngapi?

Ili ujue jibu zuri linafananaje, inafaa kufahamu kinachotokea chini ya ile taa. Rangi ya kawaida hukauka kwa sababu viyeyushi vyake vimepaa hewani. Ukirudishia kiyeyushi inalainika na kufutika kwa pamba. Jeli haikauki namna hiyo. Mwanga wa UV au LED huzifanya molekuli zake za akrileti zishikane na kuwa wavu mmoja mgumu, na wavu huo hauyeyuki tena kama rangi ya kawaida. Asetoni kazi yake ni kupenya ndani ya wavu, kuuvimbisha, mpaka unaachia ukucha na kuinuka vipande vipande. Kuvimba huko kunataka muda, na muda huo haupungui kwa sababu fundi ana foleni. Pia kunataka njia ya kupitia: topukoti ni tabaka gumu, asetoni hupenya humo kwa shida, kwa hiyo lazima ipigwe tupa kidogo kwanza mpaka mng'ao wake uishe. Na ndiyo maana rimuva ya kawaida ya dukani, ile isiyo na asetoni au iliyochanganywa na maji na manukato, haifui dafu mbele ya jeli hata ukisugua mchana kutwa.

Sasa upande wa ukucha wenyewe. Ukucha wa kidole cha mkono una unene wa karibu nusu milimita tu, na hukua milimita 3 hivi kwa mwezi. Ukikwanguliwa leo karibu na shina, sehemu hiyo nyembamba itatembea taratibu kuelekea nchani, na itachukua kama miezi 6 mpaka ikatwe. Kwa dole gumba la mguu hesabu mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Hakuna mafuta wala vidonge vinavyorudisha unene uliokwisha kusagwa, kwa kuwa sehemu ya ukucha tunayoipaka rangi haina uhai. Ni kusubiri ukue. Hiyo ndiyo gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Kabla ya kuchagua njia, ujue umebandikwa nini

Neno jeli linabeba vitu vingi saluni. Jeli ya kupaka, ile inayotoka kwenye kichupa chenye brashi na kupitishwa kwenye taa tabaka kwa tabaka, hutoka kwa asetoni. Ndiyo iliyoenea tangu Shellac ya kampuni ya CND ilipoingia sokoni mwaka 2010 na kampuni nyingine kufuata. Jeli ngumu ya kujengea, inayotumiwa kurefusha ukucha, ni habari nyingine: ya aina fulani haitoki kwa asetoni hata ukiiloweka saa nzima, na lazima ipunguzwe kwa tupa au mashine. Nyingine ya kujengea imetengenezwa ilowekwe, lakini hutoka polepole. Akriliki, ule unga unaochanganywa na kimiminika chenye harufu kali, hutoka kwa asetoni ila huhitaji nusu saa na zaidi kama haikupunguzwa kwanza. Kucha za unga wa kuchovya hushikiliwa na gundi ya aina ya siyanoakrileti, na asetoni huiachisha. Kucha za kubandika kwa gundi nazo ni hivyo hivyo.

Usipojua ulichowekewa, fundi mwingine hawezi kujua kwa kutazama tu. Ataloweka dakika ishirini, ataona hakitoki, atadhani asetoni imechakachuliwa, kisha atachukua chuma aanze kukwangua. Madhara mengi huanzia hapo. Siku ya kupaka, piga picha ya kichupa. Ni jambo dogo ambalo litakuokoa ukisafiri, ukihama mtaa, au yule dada aliyekupaka akiacha kazi.

Asetoni kwa pamba na foili

Kwa jeli ya kupaka, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wengi, na inapofanywa sawasawa haina maumivu hata kidogo. Fundi huondoa mng'ao wa juu kwa tupa, akiishia kwenye rangi bila kufika kwenye ukucha. Hupaka mafuta au vaselini kwenye ngozi inayozunguka. Hukata pamba ndogo, ya ukubwa wa ukucha na si wa kidole, huilowesha asetoni halisi, huiweka juu ya ukucha na kuifunga kwa kipande cha foili. Anasubiri dakika 10 hadi 15. Baadhi ya saluni hutumia vibanio vya plastiki badala ya foili, na matokeo ni yale yale. Tofauti ni kwamba vibanio vinarudiwa kutumika na foili inatupwa.

Kipimo cha fundi mzuri ni anachofanya dakika ya kumi, anapofungua kidole cha kwanza. Jeli iliyokwiva huinuka yenyewe, imejikunja pembeni, na kijiti cha mti kinaisukuma bila nguvu. Kama bado imeshika, fundi mzuri hurudisha pamba, anaongeza asetoni na kufunga tena. Fundi mwenye haraka hubonyeza chuma. Kila kipande kinachong'olewa kikiwa bado kimeshika huondoka na tabaka la ukucha chini yake, na utaliona: madoa meupe, makavu, yenye mikwaruzo. Wengi huambiwa madoa hayo ni asetoni. Weupe wa asetoni ni ukavu unaoenea ukucha mzima na kupungua ukipaka mafuta. Weupe wa kung'olewa hubaki mahali pale pale, na ukiupitishia kidole unahisi shimo.

Una haki ya kusema kitu wakati huo. "Dada, naomba uniongezee dakika tano, sina haraka," inatosha. Nimeona fundi wengi wakifurahi kusikia hivyo, kwa sababu mara nyingi haraka si yao, ni ya mwenye saluni.

Kuna saluni zinazochovya vidole vyote ndani ya bakuli la asetoni. Ni rahisi zaidi kwa fundi, na kwa akriliki nene husaidia, lakini ngozi yote ya kidole inalowekwa na kukaushwa mafuta yake ya asili, asetoni nyingi inatumika, na mvuke unaovutwa na nyote wawili ni mwingi. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, American Academy of Dermatology, kinashauri pamba na foili kwenye ukucha tu badala ya kuchovya vidole vizima. Kama bei ni moja, chagua foili. Kama bakuli ni nafuu, jiulize kwanza ngozi yako ikoje. Mwenye pumu ya ngozi au vidonda vidogo pembeni mwa kucha asikubali bakuli kwa punguzo lolote.

Joto huharakisha kazi, na taulo la uvuguvugu juu ya vidole vilivyofungwa foili linasaidia kweli. Lakini hapa nitasisitiza. Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56 za Selsiasi, na mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi kali, sembuse kwenye joto la Dar. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini. Saluni zetu nyingi ni chumba kimoja: hapa kucha, pale drayer, kule pembeni jiko la gesi au la mkaa la kuchemshia maji. Siku hizi kuna pia vimashine vya umeme vinavyopasha asetoni itoe mvuke, unaingiza vidole ndani. Vinauzwa kama mapinduzi. Kwangu mimi, kuokoa dakika chache hakutoshi kunifanya niingize mkono kwenye mvuke wa kitu kinacholipuka, ndani ya chumba chenye moto. Ukiona asetoni inapashwa kwenye jiko, inuka uondoke, hata kama umeshalipa.

Mashine

Mashine ya kusaga kucha ndiyo inayogawa watu. Wapo walioapa hawatairuhusu tena, na wapo ambao hawataki kingine. Wote wana sababu, maana chombo ni kimoja na mikono ni tofauti.

Mikononi mwa mtu aliyefundishwa, mashine hutoa rangi kwa dakika chache na kuliacha tabaka jembamba la besi juu ya ukucha. Ukucha wenyewe hauguswi kabisa. Fundi hurekebisha sehemu iliyokua karibu na shina, anapaka rangi mpya juu, na asetoni haijatumika hata tone. Kwa anayepaka jeli mfululizo mwaka mzima, hii ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu kila kuloweka kunakausha na kila kukwangua kunapunguza, naye anaepuka yote mawili. Kwa jeli ngumu ya kujengea isiyotoka kwa asetoni hakuna njia nyingine: ni mashine au tupa ya mkono.

Mikononi mwa mtu aliyejifunza wiki iliyopita, mashine hiyo hiyo inaweza kumaliza kwa sekunde mbili unene uliochukua miezi kukua. Mashine nyingi zinaweza kuzunguka mara 30,000 na zaidi kwa dakika. Dalili ya kwanza ni moto. Ukihisi joto kali, maana yake kichwa cha mashine kimekaa sehemu moja au kimebonyezwa: vuta mkono papo hapo. Huo si woga. Dalili ya pili huonekana baadaye: mstari mwekundu wenye umbo la mwezi mwandamo karibu na shina la ukucha, ukiugusa unauma. Pale fundi aliinamisha kichwa cha mashine akachimba. Mstari huo utapanda na ukucha mpaka utakapofika nchani, na unaweza kuvunjika njiani.

Mtazame fundi kabla hajaanza. Anayejua kazi huuliza umewekewa nini, anachagua kichwa cha mashine kulingana na jibu, anaanza na mwendo wa chini, mkono wake hautulii mahali pamoja, na husimama mara kwa mara kufuta vumbi aone amefika wapi. Asiyejua hutumia kichwa kimoja kwa kila mteja na kila tabaka, kuanzia topukoti hadi ngozi.

Vumbi nalo ni gharama. Jeli inaposagwa hutoa unga laini sana unaoingia puani na kutua kwenye ngozi. Akrileti zisizokwiva vizuri ndizo zinazoleta mzio wa kucha, na mzio huo ukishakushika hauondoki. Unaweza kukusumbua hata kwa daktari wa meno, kwa sababu vifaa vya kuziba meno vina kemikali za ukoo huo huo. Umoja wa Ulaya umeiwekea HEMA, mojawapo ya kemikali hizo, sharti la kutumiwa na mafundi wa kazi tu, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 umepiga marufuku TPO, kiwezeshi cha kukausha kwa taa kilichokuwa kwenye jeli nyingi. Saluni yenye feni ya kunyonya vumbi mezani na fundi aliyevaa barakoa nzito imetumia fedha kwa ajili yako na yake. Ikiwa inatoza zaidi, naona ina haki.

Uliza pia vichwa vya mashine vinasafishwaje. Chuma kinaweza kuoshwa kwa brashi na sabuni kisha kulowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu. Tupa ya karatasi haiwezi. Ni ya mteja mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, na tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha kuambukiza. Kama unaona aibu kuuliza, nunua tupa yako na uende nayo kwenye pochi. Fundi atazoea.

Dawa ya kupaka na kusubiri dakika tano

Kariakoo na kwenye kurasa za wauzaji wa mtandaoni zimejaa chupa ndogo zinazoahidi kwamba utapaka juu ya jeli, utasubiri dakika tano, na jeli itapasuka na kuinuka yenyewe. Kwa baadhi ya jeli inapasuka kweli. Tatizo ni kilichomo ndani. Chupa nyingi hazina orodha ya viambato, au orodha iko kwa lugha ambayo hakuna aliyepo saluni anayeisoma. Baadhi ya dawa za namna hii zimetengenezwa kwa diklorometheni, kiyeyushi kile kile cha kubandulia rangi za mbao na vyuma, ambacho huunguza ngozi na mvuke wake ni sumu. Nchini Marekani sheria hairuhusu kabisa kemikali hiyo kwenye vipodozi.

Muda unaookolewa ni kama dakika kumi. Ikimwagika kwenye ngozi ya pembeni unapata malengelenge, na hapo utakaa bila kucha za kuonyesha kwa wiki kadhaa. Nisingelipa hata shilingi kwa njia hii, na ningekataa hata bure, isipokuwa chupa ina jina la mtengenezaji, orodha ya viambato inayosomeka na namba ya kundi la uzalishaji. Tanzania Bara usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Chupa isiyo na maelezo yoyote haina hata pa kuanzia kuikagua.

Kubandua kwa meno na kucha

Hii ndiyo inayoonekana haina gharama. Jeli imeinuka upande mmoja, uko kwenye daladala, unaanza kuichokoa. Ikitoka nzima unapata raha fulani. Iangalie nyuma: ule ukungu mweupe uliobaki kwenye jeli ni ukucha wako. Kama imeinuka na huwezi kwenda saluni leo, ikate sehemu iliyoinuka kwa kikatia kucha, sugua ukingo kidogo kwa tupa, uiache.

Wale vijana wanaotembeza vikapu vya rangi mitaani, wanaokupaka miguu ukiwa umekaa barazani, wanafanya kazi nzuri ya rangi ya kawaida kwa bei ambayo saluni haiwezi kuifikia. Kwa jeli, mwambie kaka huyo asikutolee. Hana mahali pa kukuketisha dakika kumi na tano na kikapu chake mara nyingi hakina asetoni halisi, kwa hiyo atakachobaki nacho ni kukwangua.

Tufanye hesabu

Bei hutofautiana sana kati ya Mbagala na Masaki, kati ya Mombasa na Nairobi, kwa hiyo nitatumia tarakimu za mfano. Weka za mtaa wako mahali pake.

Chukua saluni ya kwanza: kupaka shilingi 20,000, kutoa 5,000 kwa mashine ya haraka. Ya pili: kupaka 25,000, kutoa 10,000 kwa foili, pamoja na mafuta na kunyoosha kucha. Kwa jumla ya kuweka na kutoa, ya kwanza ni 25,000 na ya pili ni 35,000. Inaonekana ya kwanza imeshinda. Lakini jeli haishiki vizuri juu ya ukucha uliosagwa, kwa sababu ukucha mwembamba hupinda na jeli haipindi nao, inaachia. Kama kwa sababu hiyo ya kwanza inakaa wiki 2 na ya pili inakaa wiki 3, basi ya kwanza inakugharimu 12,500 kwa wiki na ya pili karibu 11,700. Na hapo sijahesabu ukucha mmoja uliovunjika ukabandikiwa tipsi ili ulingane na wenzake, wala kile kipindi cha mapumziko ambacho hutaweka chochote kwa kuwa kucha zinauma.

"Tunatoa bure ukipaka tena" nayo ihesabiwe vizuri. Bure hiyo imeshaingizwa kwenye bei ya kupaka, na ni sawa tu kama inafanywa kwa uangalifu ule ule. Inakuwa hasara kwa mtu wa aina moja: yule ambaye kucha zake zinahitaji kupumzika lakini anapaka tena ili asilipie kutoa. Lipa ile elfu kumi, pumzika.

Kutoa mwenyewe nyumbani ndiko nafuu kabisa kwa jeli ya kupaka. Tuseme asetoni, pamba, foili, tupa na kichupa kidogo cha mafuta vinakugharimu 15,000 kwa pamoja. Kwa saluni inayotoza 10,000, mara ya pili umeshapata faida, na vifaa bado vipo, maana pamba kumi ndogo hazinywi hata robo kikombe cha asetoni. Nunua iliyoandikwa asetoni halisi. Kaa karibu na dirisha, mbali na jiko, watoto wakiwa nje, na usiweke chupa juu ya meza ya plastiki au kasha la simu kwa sababu kuna plastiki zinazoyeyuka zikiguswa nayo. Shida ya nyumbani ni mkono wa pili: ukishafunga foili mkono wa kulia, wa kushoto unahangaika. Funga mkono mmoja, maliza, ndipo uanze mwingine. Kwa jeli ngumu na akriliki nene, usijaribu. Lipa fundi.

Anayeswali, na anayekwenda hospitali

Kuna mteja ambaye hesabu hizi za wiki tatu hazimhusu. Kwa Mwislamu anayeswali, rangi inayozuia maji kufika kwenye ukucha inazuia udhu kutimia, kwa hiyo wengi hupaka kwa siku za hedhi tu, au kwa harusi, kisha hutoa. Kwa bei zangu za mfano za saluni ya pili, jeli ya siku 7 inakuwa shilingi 5,000 kwa siku. Ile ile ikikaa siku 21 ni kama 1,700. Zaidi ya fedha, kutoa kila mwezi baada ya juma moja kunamaanisha kucha zinalowekwa na kusuguliwa mara kumi na mbili kwa mwaka bila faida ya kukaa nayo. Kwa matumizi hayo jeli ni chaguo baya. Rangi ya kawaida inatosha siku saba ukiongeza topukoti siku ya tatu, na inafutika kwa pamba nyumbani dakika moja kabla ya kuoga. Zipo pia kucha za kubandika kwa stika badala ya gundi, zinazotoka kwa maji ya uvuguvugu na mafuta. Na hina, ambayo huacha rangi ndani ya ukucha bila tabaka juu yake, haizuii udhu wala haina gharama ya kuitoa. Inakua na ukucha mpaka inakatwa. Bibi arusi anayetaka jeli kwa sherehe aweke miadi ya kutoa siku ile ile anayopanga miadi ya kupaka, maana baada ya shughuli saluni zote zimejaa na yeye ana haraka ya kuanza kuswali. Haraka hiyo ndiyo inayomwangusha kwenye chuma cha kukwangulia.

Mteja wa pili ni anayekwenda kufanyiwa upasuaji, pamoja na mjamzito aliyepangiwa kujifungua kwa kisu. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hupitisha mwanga kwenye ukucha, na rangi, hasa ya giza, inaweza kuvuruga usomaji wake. Madaktari pia hutazama rangi ya asili ya kucha kuona kama damu inapata hewa. Ndiyo maana hospitali huagiza kucha ziwe tupu. Mjamzito afikirie jambo hili kabla ya wiki za mwisho: asiweke akriliki wala jeli ngumu, kwa sababu uchungu ukianza usiku hakuna saluni iliyo wazi na asetoni pekee haitaziondoa kwa haraka. Kama tayari anayo, aende siku kadhaa kabla ya tarehe, akae karibu na dirisha na kupumzika katikati. Ikiwa dharura imemkuta na kucha zake zikiwa na rangi, amwambie muuguzi mapema bila kuzificha. Kipimo kinaweza kubanwa kwenye ndewe ya sikio.